Gari Lisilokunywa Maji

Mwishoni mwa Mei 1953, siku chache kabla Elizabeth wa Pili hajavikwa taji mjini London, wapenda magari wa Afrika Mashariki walikuwa tayari njiani wakila vumbi. Mashindano yao yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yakapewa jina la Safari ya Kutawazwa. Magari yaligawanywa kwa bei ya dukani, na mwaka huo hakukutangazwa mshindi wa jumla. Lakini gari lililobaki midomoni mwa watu lilikuwa dogo, la bei nafuu, lenye injini nyuma badala ya mbele: Volkswagen ya Alan Dix na Johnny Larsen.

Mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen. Mwaka 1957 ikawa zamu ya Gus Hofmann na Arthur Burton, Volkswagen tena. Mwaka 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider wakarudia yale yale. Magari yenye nguvu maradufu yalibaki kando ya barabara, boneti juu, mvuke ukifoka, huku kigari hicho kikipita kwa sauti yake ya kukwaruza.

Siri yake haikuwa mbio. Volkswagen ile haikuwa na rejeta. Ferdinand Porsche na wenzake walipoibuni katika miaka ya 1930 waliwafikiria Wajerumani wa kipato cha chini ambao hawakuwa na banda la kuliweka gari wakati wa baridi kali. Maji yangeganda usiku na kuipasua injini. Basi wakaamua joto lichukuliwe na upepo wa feni pamoja na oili. Hawakuwa wakiifikiria nyika ya Taru wala Voi, huko Kenya. Ila injini isiyo na maji ya kuganda ni injini isiyo na maji ya kuchemka pia, na uamuzi uliofanywa kwa kuogopa theluji ukaja kuzaa matunda kwenye jua la Afrika Mashariki.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, fuata njia ya kutoka Mombasa kwenda bara. Usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Nairobi, yenye mwinuko wa karibu mita 1,700, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Timboroa, juu kabisa ya njia ya Eldoret, kwenye mwinuko wa mita 2,700, yanachemka kwenye nyuzi 91 tu. Maana yake ni kwamba pale injini inapofanya kazi ngumu zaidi, ikipanda mlima kwa gia ya pili kwenye tope, ndipo maji yake yanapokuwa mepesi kugeuka mvuke. Mvuke hauwezi kubeba joto kama maji. Hedi inapinda, gasketi inaungua, na mbio zimekwisha.

Dawa ya kwanza ilikuwa kifuniko cha rejeta chenye springi. Kikibana vizuri, mgandamizo ndani ya mfumo hupanda, na kwa kila pauni moja ya mgandamizo kwa inchi ya mraba, kiwango cha kuchemka hupanda kwa takriban nyuzi moja na nusu. Kifuniko cha pauni 15 kinayapa maji nafasi ya nyuzi zaidi ya 20. Kitu cha shilingi chache, na bado ndicho cha kwanza kusahauliwa gari linapoanza kuchemsha.

Kisha likaja swali la nini kiwe ndani ya rejeta. Jibu lake halikutoka kwenye mbio za magari. Glikoli ya ethileni ilitengenezwa mara ya kwanza na Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz katika karne ya 19, ikakaa miongo mingi bila kazi ya maana. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo ilipoingia kwenye magari: Marekani kwa jina la Prestone, na Ujerumani, mwaka 1929, kampuni ya BASF ikaileta kwa jina la Glysantin. BASF waliongeza jambo ambalo madereva wengi hadi leo hawalipi uzito: dawa za kuzuia kutu ndani ya kimiminika chenyewe.

Wahandisi wa ndege walijifunza somo lile kwa gharama kubwa zaidi. Injini za mwanzo za Rolls-Royce Merlin, zilizoziendesha ndege za kivita za Spitfire na Hurricane, zilitumia glikoli tupu. Faida ilikuwa kwamba huchemka kwenye joto la juu sana, hivyo rejeta ingeweza kuwa ndogo. Hasara zilikuwa nyingi: inashika moto, inapenya kwenye viungo ambavyo maji hayapenyi, na inabeba joto kidogo. Toleo la Merlin XII likabadilisha mkondo: asilimia 70 maji, asilimia 30 glikoli, chini ya mgandamizo. Injini ikapoa, hatari ya moto ikapungua. Maji yalirudi kwenye kiti chake.

Mpaka leo hesabu haijabadilika sana. Kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.18 kupanda nyuzi moja. Glikoli huhitaji kama 2.4 tu. Ukichanganya nusu kwa nusu unapoteza asilimia 15 hadi 20 ya uwezo wa maji wa kubeba joto, na mchanganyiko wenyewe ni mzito zaidi kwa pampu kuusukuma. Ndiyo sababu fundi wa gari la mbio huitazama glikoli kwa jicho la pembeni. Tena kwenye viwanja vingi vya mbio za lami imepigwa marufuku kabisa: ikimwagika, lami huteleza vibaya na haikauki upesi kama maji, na watakaokuja nyuma wataishia ukutani. Kwa hiyo timu nyingi za viwanjani hutia maji yaliyosafishwa na dawa kidogo ya kuzuia kutu, basi. Hata Formula 1 hutegemea maji, isipokuwa mfumo wao unaruhusiwa kufika mgandamizo wa bari 3.75, kiwango ambacho rejeta ya matatu haiwezi kukistahimili hata kwa dakika.

Maji matupu, hata hivyo, ni adui ndani ya nyumba. Hapa ndipo Peugeot inapoingia kwenye historia hii.

Mwaka 1963, mvua zilipoigeuza Safari kuwa vita vya matope, magari 84 yaliondoka na saba tu yakafika. Nick Nowicki na Paddy Cliff ndio waliotangulia, kwa Peugeot 404. Bert Shankland wa Tanzania akashinda kwa gari hilo hilo 1966 na 1967, na Nowicki akarudi 1968, mwaka mwingine wa mafuriko ambao magari saba tu yalimaliza. Injini ya 404 ilikuwa na bloki ya chuma cha kusubu, hedi ya alumini, na silivu zilizozungukwa na maji moja kwa moja. Fundi anaipenda silivu ya aina hiyo kwa sababu inachomolewa na nyingine kuingizwa bila kuchonga bloki. Lakini maji yakiwa mabaya, kutu hula kikalio cha silivu pale chini, maji yanapenya kwenye sampu, na ukichomoa kijiti cha oili unakutana na rangi ya chai ya maziwa. Hapo hakuna cha kuongeza wala cha kupunguza; injini inafunguliwa.

Sababu ni metali kuwa tofauti. Chuma, alumini, shaba ya rejeta za zamani na risasi ya kulehemu viungo vyake, vyote vikiwa vimeshikana na vimelowa maji yenye chumvi, vinafanya betri. Umeme mdogo unapita, na metali iliyo dhaifu zaidi inaliwa. Katika injini, dhaifu ni alumini. Ulaji wake hauonekani kama kutu nyekundu ya chuma. Ni unga mweupe shingoni mwa mpira wa rejeta, na chini yake vishimo vidogo vinavyochimba kuelekea ndani kama ncha ya sindano.

Volvo PV544 aliyoshinda nayo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant mwaka 1965 ilikuwa na kinga ya aina yake: bloki ya chuma na hedi ya chuma, metali moja juu ya nyingine, bila ugomvi wa kupigania umeme. Joginder, aliyezaliwa Kericho na kukulia kwenye gereji ya baba yake, alijua kuitunza injini kuliko kuiharakisha. Injini za namna hiyo zilikuwa zinaelekea kaburini. Datsun 240Z iliyoshinda mikononi mwa Edgar Herrmann 1971 na Shekhar Mehta 1973 ilikuwa na hedi ya alumini juu ya bloki ya chuma. Mitsubishi Lancer ya Joginder, iliyoshinda 1974 na 1976, vivyo hivyo. Kila kilo iliyopunguzwa kwenye hedi ilinunuliwa kwa haja kubwa zaidi ya kuyachunga maji.

Mwaka 1978 mabishano ya hewa na maji yalikutana ana kwa ana. Porsche walileta 911 SC, injini ya lita tatu, haina rejeta ya maji hata moja, wakawapa Björn Waldegård na Vic Preston mdogo, mtoto wa yule mshindi wa 1954. Peugeot walikuja na 504 Coupé yenye V6 iliyokuwa alumini tupu kuanzia bloki hadi hedi, silivu zikiogelea majini. Kwa hesabu ya kutu, hilo ndilo gari lililokuwa na mengi ya kuogopa. Lakini Jean-Pierre Nicolas ndiye aliyeshinda, Preston wa pili, Waldegård wa nne. Porsche 911 haikushinda Safari ile ya zamani hata mara moja, na ni haki kusema hivyo kwa wale wanaodhani kuondoa maji ni kuondoa matatizo.

Zama za turbo ziliongeza joto ambalo Volkswagen ya 1954 isingeliota. Waldegård alirudi na Toyota Celica akashinda 1984 na 1986, na tena 1990, safari hii kwa GT-Four iliyokuwa na mzunguko wa pili wa maji kwa ajili ya kuipoza hewa inayoingia kwenye injini. Gari moja, mifumo miwili ya maji. Ian Duncan, Mkenya, akachukua taji la 1994 kwa Celica. Mwaka 2000 Richard Burns alishinda kwa Subaru Impreza, ambayo injini yake ni alumini bloki na hedi, na kwa miaka iliyofuata vijana wengi wa Kenya hawakutaka gari jingine.

Baada ya 2002 Safari ilitoka kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia, na haikurejea hadi 2021, kule Naivasha. Katikati ya pengo hilo, mwaka 2003, ilianzishwa Safari Classic kwa magari ya kale, na pwani ikapata sehemu yake: kwa miaka kadhaa magari yalikusanyika katika hoteli ya Whitesands, kando ya ufuo wa Bamburi. Mwaka 2011 Waldegård, akiwa na umri wa miaka 68 na mwanawe Mathias akimsomea njia, alishinda kwa Porsche 911. Stig Blomqvist akafuata 2015, Richard Jackson 2017, Kris Rosenberger 2019, wote kwa 911 za kupozwa na hewa. Duncan, aliyekuwa ameshinda mwaka 2009 kwa Mustang, ndiye peke yake aliyewakatiza kwa gari la maji, Capri mwaka 2013. Kilichoshindikana 1978 kikawa karibu desturi.

Ni kweli kwamba 911 nazo hazijasalimika na pwani. Volkswagen zile za zamani, na baadhi ya 911 za mwishoni mwa miaka ya 1960 na za 1970, zilikuwa na bloki ya magnesi, metali inayoliwa na chumvi upesi kuliko alumini. Gari lisilokunywa maji linaweza kuliwa kutoka nje na upepo wa bahari.

Kutoka Whitesands, ukivuka barabara ya Malindi na kuingia upande wa bara, haichukui muda kufika Kiembeni. Hapa hakuna Porsche. Kwenye steji zimepangwa bodaboda, nyingi zikiwa Boxer za Bajaj, na injini zake zimevaa mapezi ya kupozwa na upepo. Zinapanda na kushuka tangu alfajiri, hakuna anayezifungua kuangalia maji. Magari yanayoteseka ni matatu za Toyota na magari madogo ya Kijapani yaliyoshushwa bandari ya Kilindini yakiwa yametumika, na mateso yake huanzia kwenye jerikeni.

Kisauni, eneo ambamo Kiembeni imo, kuna shida ya maji ya mfereji inayojulikana na kila mkazi. Mombasa huletewa maji kwa mabomba kutoka mbali, Mzima na Baricho, na mara nyingi mifereji hukohoa hewa tu. Watu hutumia visima, au hununua kwa mkokoteni bila kuuliza yametoka wapi. Na ardhi ya ukanda huu wa pwani ni mawe ya matumbawe, chokaa ile ile ambayo kiwanda cha saruji cha Bamburi kimekuwa kikiichimba na kuichoma tangu miaka ya 1950. Maji yanayopita kwenye jiwe hilo hubeba chokaa. Visima vilivyo karibu na bahari hubeba na chumvi juu yake.

Caterpillar, watengenezaji wa injini za dizeli, huelekeza kwamba maji ya kutiwa kwenye mfumo wa kupoza yasizidi miligramu 40 za kloraidi kwa lita, na ugumu wake usizidi miligramu 170 kwa lita. Maji ya bahari yana kloraidi takriban miligramu 19,000 kwa lita. Piga hesabu: kwa gari lenye mfumo wa lita saba, vijiko vitatu vya chai vya maji ya bahari vinatosha kufikisha kikomo hicho. Kisima kilichoonja bahari kidogo tu kinakivuka. Tena maji yanapopungua kwa mvuke, chumvi haiondoki. Inabaki ndani ikisubiri jerikeni inayofuata iongeze nyingine. Dereva anayejaza kila asubuhi anaipika injini yake katika maji mazito ya chumvi bila kujua.

Kuna jambo jingine ambalo Wajapani na Wazungu walitofautiana, na Kiembeni linalipiwa. Kulanti za Kijapani, yaani vimiminika vya kupozea injini, huwa na fosfati, dawa inayoilinda alumini haraka. Watengenezaji wa Ulaya waliiepuka, wakategemea silikati, kwa sababu maji ya sehemu nyingi za Ulaya ni magumu, na fosfati ikikutana na kalsiamu hugeuka mchanga mweupe unaoziba mirija ya rejeta. Japani maji ni laini, hawakuwa na wasiwasi huo. Sasa Toyota iliyotoka Yokohama na kulanti yake ya pinki, ikiongezewa maji ya kisima cha chokaa, inapata lile lile ambalo Mjerumani alilikwepa. Rangi haisaidii kuamua: pinki, kijani, bluu na machungwa ni rangi tu za kutiwa, na kila kampuni ina zake. Linalosema ukweli ni maandishi ya nyuma ya mtungi.

Wengi pwani huiona kulanti kuwa anasa ya watu wa nchi za barafu. Mombasa hakuna kitakachoganda. Lakini kinachonunuliwa ndani ya mtungi ule, kwa Mombasa, ni ile dawa ya kutu. Glikoli imekuja nayo kama mchukuzi, na watengenezaji wengi wanataka angalau theluthi moja ya mchanganyiko iwe kulanti ili dawa hiyo itoshe. Nayo huchakaa. Glikoli iliyozeeka huvunjika ikawa asidi, ndiyo maana kuongeza kila mara bila kumwaga ya zamani ni nusu ya kazi. Ikimwagwa, isiachwe kwenye dimbwi mbele ya gereji: ni tamu na ni sumu, na paka na watoto hawasomi maandishi ya mtungi.

Mafundi wa Kiembeni wanaojua kazi huanza kwa kuitazama shingo ya themostati. Kukiwa na ukoko mweupe, rejeta inatolewa, inasukumwa maji kwa nyuma hadi yatoke safi, na pampu inafunguliwa kuangalia kama pangaboi lake limeliwa kingo. Themostati haitupwi, ingawa gereji nyingi huiondoa kwa kudhani injini itapoa zaidi. Bila hiyo maji hukimbia bila mpango na injini haifikii joto lake. Wengine huchovya ncha moja ya mita ya umeme kwenye maji ya rejeta na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, ama waya wa ethi umelegea au kulanti imekwisha nguvu. Kisha hutiwa maji ya betri yaliyosafishwa, yale ya kuongezea yasiyo na asidi, pamoja na kulanti ya aina aliyoitaja mtengenezaji, hewa inatolewa kwa kuliacha gari likinguruma na kifuniko wazi, na mwisho kifuniko kipya kinafungwa. Asubuhi moja inatosha kwa kazi yote, kama hakuna boliti ya hedi iliyokatikia ndani kwa kutu.